Leseni ya redio ni ya nani: jina la kwenye fomu, au aliyeshika usukani?

Swali: Tupo wanne na tunataka kuanzisha redio ya FM. Mwenye mtaji mkubwa ni raia wa nchi nyingine. Wa pili ni mchungaji, na kanisa lake linataka kununua hisa. Wa tatu ni katibu wa chama cha siasa, na aliwahi kugombea ubunge akashindwa. Mimi tayari nina kituo kingine kidogo katika mji huohuo. Kuna mtu anayejua mambo ya usajili ametushauri kampuni iandikishwe kwa jina la shemeji yangu, ambaye hana doa lolote, halafu sisi wanne tuweke mikataba yetu pembeni. Je, sheria inaruhusu? Kama hairuhusu, tufanyeje?

Jibu: Tuanze na shemeji, maana ndiye atakayewaponza.

Sheria za utangazaji hutofautiana nchi na nchi, lakini katika hili zinafanana sana: haziishii kwenye jina lililoandikwa kwenye fomu. Zinauliza kituo kinaendeshwa kwa matakwa ya nani. Sheria ya utangazaji ya Uingereza ya 1990 inasema mtu anahesabiwa kuwa na mamlaka juu ya kampuni akiwa na zaidi ya nusu ya hisa, na pia akiwa na pungufu ya nusu au asiwe na hisa hata moja, iwapo kwa kuangalia mazingira yote ni busara kutarajia kwamba mambo ya kampuni yataendeshwa atakavyo yeye. Watu wanaotenda kwa pamoja huunganishwa wakahesabiwa kama mmoja. Nchini Marekani mamlaka ya mawasiliano, FCC, ikitaka kujua kituo kinaendeshwa na nani hutazama mambo matatu: nani anaamua vipindi, nani anaajiri na kufukuza, na nani anashika fedha. Mpitisheni shemeji kwenye maswali hayo matatu. Kama majibu yote ni "sisi wanne", leseni mmeiomba ninyi, yeye amewaazima jina tu.

Na haya hayabaki kwenye vitabu. Februari 2021 mamlaka ya Uingereza, Ofcom, iliifuta leseni ya CGTN, televisheni ya China. Kampuni iliyokuwa na leseni, Star China Media Limited, ilionekana haina mamlaka ya uhariri juu ya kituo. Kazi yake ilikuwa kusambaza tu kilichoandaliwa na wengine. Kituo kikaomba leseni ihamishiwe kwa chombo kingine kinachohusika hasa na vipindi. Ofcom ikakataa, kwa sababu chombo hicho hatimaye kiliongozwa na Chama cha Kikomunisti cha China, na sheria hairuhusu chombo cha kisiasa kushika leseni. Tazameni mtego ulivyo: aliyekuwa na leseni hakuwa mwendeshaji, na mwendeshaji hakuwa na sifa. Mkimweka shemeji mbele, mnajenga nyumba kwenye mchanga uleule.

Kosa la pili la ushauri huo ni baya zaidi, kwa sababu ni la uongo. Sharti la umiliki mkilikosa, mara nyingi mtaambiwa mrekebishe mgawanyo wa hisa mkarudi. Mkiificha mikataba ya pembeni, mnakuwa mmeidanganya mamlaka, na doa hilo halitoki kwa kubadilisha hisa. Kampuni ya RKO General ya Marekani ilikuwa na vituo vikubwa kwa miaka mingi, lakini ilipoteza leseni ya televisheni ya WNAC ya Boston. Ilikuwa na tuhuma nyingi, ila mahakama ya rufaa ilipoamua mwaka 1981 sababu iliyoshikilia hukumu ilikuwa moja: haikuwa mkweli mbele ya FCC.

Kwa hiyo mwacheni shemeji apumzike. Sasa tuwatazame ninyi wenyewe, mmoja mmoja.

Mwenye mtaji kutoka nje

Hofu ya mgeni kwenye redio ni ya zamani kuliko vipindi vyenyewe. Sheria ya redio ya Marekani ya 1912 ilitoa leseni kwa raia na kampuni zilizosajiliwa humo pekee, wakati ambapo redio ilikuwa bado mawasiliano ya meli na jeshi. Katazo hilo liliingia katika sheria ya 1927, kisha ya 1934, na liko hai hadi leo. Nchi nyingine zina namba zao. Marekani: wageni wasizidi asilimia 20 ya hisa katika kampuni yenye leseni, na asilimia 25 katika kampuni mama inayoiongoza, serikali ya nje haipewi kabisa. Afrika Kusini: asilimia 20 ya mtaji au kura, na wakurugenzi wageni wasizidi asilimia 20 ya bodi. Kanada: angalau asilimia 80 ya kura katika kampuni yenye leseni ziwe za Wakanada, theluthi mbili katika kampuni mama, na mtendaji mkuu awe Mkanada. Ufaransa huweka asilimia 20 kwa wasio wa Umoja wa Ulaya katika vituo vya Kifaransa vinavyorushwa kwa masafa ya ardhini. India iliwahi kuwa na asilimia 26 kwa redio za FM, ikapandisha hadi 49 mwaka 2015. Uingereza iliondoa katazo la uraia mwaka 2003, na Australia ikaondoa ukomo wake miaka michache baadaye.

Kwa hiyo namba ya nchi yenu ndiyo kitu cha kwanza kutafuta. Ila kuijua namba ni kazi ya dakika tano. Watu hukwama kwenye kuhesabu.

Tuseme ukomo wenu ni asilimia 25, na mgeni haingii moja kwa moja bali kupitia kampuni mama. Ana asilimia 60 ya kampuni mama, na kampuni mama ina asilimia 40 ya kituo. Kimtaji mnazidisha: 0.60 kwa 0.40 ni asilimia 24. Mmepita. Lakini kwa hesabu ya kura, jinsi Marekani inavyofanya, mwenye zaidi ya nusu ya kampuni mama anahesabiwa ameishika yote, kwa sababu yeye ndiye anayeamua kura zake zote zielekee wapi. Hapo kampuni mama inapeleka kura zake 40 zote kwa jina lake, na mmekwama. Geuzeni: akiwa na asilimia 40 ya kampuni mama, na kampuni mama ikawa na 60 ya kituo, kuzidisha kunatoa 24 ileile, lakini kwenye kura ni 40, kwa sababu kampuni mama yenye zaidi ya nusu ya kituo nayo inahesabiwa imekishika chote. Namba ni zilezile mbili, lakini hesabu ya mtaji na hesabu ya kura hazitoi jibu moja. Ndiyo maana mchoro wa umiliki uchorwe kabla ya fomu kujazwa, na kila mshale uandikwe namba mbili: ya mtaji na ya kura.

Njia ambayo wengi huikimbilia ni mkopo. Mgeni anachukua hisa chache, kisha anakikopesha kituo fedha zilizobaki. Mkopo wa kweli, wenye riba ya kawaida, ratiba ya kulipa na dhamana inayoeleweka, kwa kawaida hauna shida. Shida huanza pale mkopo unapokuwa mkubwa kupita kiasi au unapobeba amri. Kwa kipimo, Marekani ina kanuni inayomhesabu mtu kuwa mmiliki iwapo hisa na mikopo yake kwa pamoja vinazidi asilimia 33 ya mtaji na madeni yote ya kituo, na wakati huohuo anakipa zaidi ya asilimia 15 ya vipindi vya wiki au ana chombo kingine cha habari katika soko hilohilo. Kanuni hiyo ni ya kuhesabu idadi ya vituo, si uraia, lakini mantiki yake itumieni popote: mwenye deni kubwa na mkono kwenye vipindi si benki tena.

Kingine cha kusoma kwa makini ni mkataba wa wanahisa. Mwekezaji mdogo ana haki ya kujilinda. Anaweza kudai kwamba bila yeye kampuni isiuzwe, isifilisiwe, isibadilishe katiba yake, isitoe hisa mpya zinazopunguza zake. Hayo hayamgeuzi kuwa mwendeshaji. Sasa someni kifungu hiki, ambacho huchomekwa kwenye mikataba kama jambo la kawaida: "Bajeti ya kila mwaka na uteuzi wa meneja wa vipindi havitafanyika bila idhini ya maandishi ya Mwanahisa B." Kwa sentensi hiyo moja Mwanahisa B mwenye asilimia 20 ameshika fedha, watu na vipindi. Mkaguzi wa mamlaka akikifikia hatazami tena asilimia zenu. Kifuteni, au kibadilishwe kiwe haki ya kupewa taarifa na kushauriwa, uamuzi ubaki kwa bodi.

Mwenzenu akiwa na nia ya kweli ya kushika kituo na si kuchuma faida tu, sheria nyingine zina mlango wa wazi: kuomba ruhusa ya kuvuka ukomo. FCC ilitangaza mwaka 2013 kwamba itapokea maombi ya kuvuka asilimia 25 na kuyapima moja moja, na mwaka 2017 iliwaruhusu raia wa Australia kumiliki kwa asilimia 100 kundi la redio huko Alaska, Arkansas na Texas. Mlango wa pili ni uraia. Rupert Murdoch alichukua uraia wa Marekani mwaka 1985 kabla ya kununua vituo vya televisheni huko, na hata hivyo, mwaka 1995 FCC ilibaini kuwa karibu mtaji wote wa vituo hivyo ulitoka kwenye kampuni yake ya Australia. Iliviacha viendelee kwa kuona ndiyo maslahi ya umma. Msilichukulie hilo kama kigezo chenu. Mwenye mawakili wa kiasi kile huogelea kwenye maji mengine.

Mchungaji na kanisa

Hapa watu wawili wanachanganywa. Mchungaji akinunua hisa kwa fedha zake ni mwanahisa kama wengine. Kanisa likinunua hisa, mwombaji sasa ana taasisi ya dini ndani yake, na sheria za dini zinaanza kufanya kazi. Sheria hizo nazo hutofautiana mno. Uingereza inazuia taasisi za dini kushika leseni za redio za taifa zima na za baadhi ya televisheni kubwa, kwa hoja kwamba masafa ya taifa ni machache na huwezi kuipa dini moja ukazinyima nyingine. Leseni za chini ya hapo inaziruhusu baada ya Ofcom kuridhia. Premier Christian Radio ya London inarusha matangazo tangu 1995. Ujerumani inawakatalia wote walio mashirika ya umma kisheria, lakini inayataja makanisa na vyuo vikuu kuwa vimesamehewa. Marekani taasisi za dini hushika leseni bila tatizo, nyingi zikiwa zile zisizo za kibiashara.

Kama nchi yenu inazuia, msilifiche kanisa nyuma ya jina la mchungaji. Swali litakuwa fedha za hisa zilitoka akaunti ipi, na jibu liko benki. Mchungaji aonyeshe chanzo chake, au kanisa liombe leseni yake lenyewe, ya jamii au isiyo ya kibiashara, pale ambapo inatolewa. Ila mjue leseni isiyo ya kibiashara huja na masharti yake juu ya matangazo ya biashara na matumizi ya ziada inayobaki, hivyo haichanganyiki na mwekezaji anayetaka gawio. Hamwezi kuwa na zote mbili katika kampuni moja.

Katibu wa chama

Kwamba aliwahi kugombea na akashindwa si kitu. Tatizo ni ukatibu wake wa leo.

Chama cha siasa hakipewi leseni Uingereza, Ujerumani, Afrika Kusini, Kenya, na kwingineko kwingi. Hili ni moja ya makatazo yaliyoenea zaidi. Swali gumu ni mkono wa katazo unafika wapi. Uingereza unafika mbali: inamzuia pia mtu aliye ofisa wa chombo cha kisiasa, na kampuni ambayo chombo hicho kina zaidi ya asilimia 5 ndani yake. Nchi nyingine huzuia chama tu, na kiongozi wake akabaki huru kuwa na hisa kwa jina lake. Tafuteni katika sheria yenu maneno matatu: "ofisa", "mshirika", na "chombo chenye malengo ya kisiasa". Likiwepo la kwanza, mwenzenu achague kimoja, ukatibu au hisa. Ajiuzulu kwa barua yenye tarehe, ipokelewe kwa muhuri na chama, na nakala iingie kwenye jalada la maombi. Kujiuzulu kwa mdomo, au barua iliyoandikwa baada ya mamlaka kuuliza, huzidisha shaka.

Hata pale ambapo katazo halimfikii, msimweke kwenye meza ya habari. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 34, inataka utoaji leseni wenyewe uwe huru dhidi ya serikali, maslahi ya kisiasa na ya kibiashara. Mamlaka inayofanya kazi chini ya maneno kama hayo haitamtazama mhariri-katibu kwa jicho la kawaida msimu wa uchaguzi.

Kwa ukamilifu tu: serikali nazo huwekewa mipaka, lakini si kila mahali. Ujerumani huyanyima mashirika ya dola kwa kukumbuka redio ilivyotumika zamani. Marekani huinyima serikali ya nje pekee, na jiji la New York lilimiliki redio ya WNYC tangu 1924 hadi miaka ya 1990. Uingereza huongeza na mawakala wa matangazo ya biashara, wasije wakawa muuzaji na mnunuzi wa dakika zilezile. Mkiwa na mtu mwenye kampuni ya matangazo kati yenu, mseme sasa.

Wewe na kituo chako cha kwanza

Wengi hujiona salama kwa sababu ni raia, hawana dini wala chama kwenye hisa, kumbe wao ndio wanaoangusha maombi. Sheria za kuzuia umiliki kurundikana kwa mtu mmoja humhesabu mtu, si kampuni. Ukiwa na hisa katika kituo cha kwanza na cha pili, vyote viwili vinaandikwa kwako.

Marekani hupima kwa ukubwa wa soko: palipo na redio 45 au zaidi mtu mmoja anaweza kuwa na 8, na kati ya hizo zisizidi 5 za aina moja, yaani FM au AM, palipo na 14 au pungufu, 5, zisizidi 3 za aina moja, na zisizidi nusu ya redio zote za hapo. Kwa televisheni hupima pia kwa taifa zima: vituo vya mmiliki mmoja visifikie zaidi ya asilimia 39 ya kaya zenye televisheni. Ujerumani haihesabu vituo. Inahesabu watazamaji, na mwenye wastani wa asilimia 30 ya utazamaji kwa mwaka anadhaniwa ana nguvu kubwa mno juu ya maoni ya watu. Magazeti nayo huingia kwenye mizani: Uingereza mwenye asilimia 20 au zaidi ya soko la magazeti ya taifa hawezi kuwa na zaidi ya asilimia 20 ya mwenye leseni ya televisheni ya Channel 3. Marekani ilikuwa na katazo la gazeti na kituo katika mji mmoja tangu 1975. FCC iliamua kuliondoa mwaka 2017, kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu, ambayo mwaka 2021 ilikubaliana na FCC.

Kabla hujaogopa au kutulia, jua "soko" linapimwaje kwenu. Mpaka wa manispaa mara nyingi hauna maana. Penye kupima kwa eneo ambalo mawimbi yanafika, vituo vya miji miwili jirani vinaweza kuhesabiwa soko moja kwa sababu mawimbi yake yanalaliana. Kinyume chake pia hutokea: mtambo wa nguvu ndogo hauhesabiwi kabisa pamoja na kituo kikubwa. Omba ramani ya ufikaji ya kituo chako cha sasa, uiweke juu ya ile mnayoiomba.

Ukizidi, una njia mbili: kuuza hisa za kituo kimoja, au kuingia kwenye kipya kwa hisa chini ya kiwango cha kuhesabiwa, bila kiti kwenye bodi. Kiwango hicho Marekani ni asilimia 5 ya kura kwa mtu wa kawaida na 20 kwa wawekezaji tulivu kama benki na mifuko ya uwekezaji. Kwenu kinaweza kuwa kingine. Ukurugenzi, angalia, huhesabiwa hata ukiwa huna hisa hata moja. Na usidhani kukodi muda kutakuokoa: ukinunua zaidi ya asilimia 15 ya saa za wiki za kituo cha jirani katika soko lako, Marekani itakiandika kituo hicho kwako.

Sifa za mtu mwenyewe

Karibu kila sheria humalizia kwa kuuliza kama mwombaji ni mtu anayefaa. Hapo huingia kufilisika, hukumu za jinai, ukwepaji wa kodi, na hasa rekodi yake kwenye utangazaji. Ofcom iliifuta leseni ya RT, televisheni ya Urusi, Machi 2022 kwa msingi huo, ikaona mwenye leseni hastahili, wala haikuhitaji kuhesabu hisa.

Kwenu ninyi hatari ya karibu ni ndogo na ya kizembe: kuwasha mtambo "kwa majaribio" kabla ya leseni. Fundi anafunga antena, anataka kuona mawimbi yanafika wapi, anacheza muziki siku tatu. Hiyo ni kurusha bila leseni. Marekani, aliyewahi kufanya hivyo hawezi kupewa leseni ya redio ndogo za FM za wati 100. Mtambo ujaribiwe kwa kifaa kinachomeza nguvu badala ya antena, au kwa kibali cha majaribio cha maandishi.

Mpangilio ninaowashauri

Msianze na msajili wa makampuni. Anzeni na karatasi kubwa: kituo chini, juu yake kila mwenye hisa, juu ya kila kampuni wenye hisa wake, hadi mfike kwa binadamu wenye pumzi. Kila binadamu mwandikieni uraia, nyadhifa za kisiasa na kidini, hisa na vyeo katika vyombo vingine vya habari, kesi, na fedha yake ilitoka wapi. Mfuko wa uwekezaji usiishie kuandikwa "mfuko". Andikeni anayeamua kura zake. Kwa watu wanne kazi hii ni ya siku mbili, isipokuwa mgeni wenu awe na kampuni katika nchi zinazoficha majina. Hapo mpeni muda wa kuleta hati kwa gharama zake mwenyewe, na akishindwa msiendelee naye.

Kisha andikeni mkataba wa wanahisa, kabla ya maombi na si baada yake, kwa sababu mtautakiwa uambatanishwe. Wekeni ndani yake kifungu kwamba hisa haziuzwi, haziwekwi rehani wala hazirithishwi kwa namna itakayovunja masharti ya leseni, na kwamba mauzo yoyote yanayobadilisha mamlaka yanasubiri idhini. Halafu pelekeni mchoro kwenye mamlaka mkaombe mkutano wa awali. Maafisa wengi hupenda kuulizwa mapema kuliko kukataa baadaye, na jibu lao lichukueni kwa maandishi, hata kama ni barua pepe yenu ya kuthibitisha mlichoelewa.

Mkishapata leseni, mgawanyo wa hisa unabaki sehemu ya masharti. Mjue leseni hairithiwi kama shamba. Marekani mwenye mamlaka akifa, FCC hutaarifiwa mara moja na maombi ya kuhamisha hupelekwa ndani ya siku 30. Nchi nyingine zina muda wao, na wafiwa hawaujui. Uandikeni kwenye mkataba ili mwenzenu mmoja akifariki msikumbuke leseni siku ya arobaini.

Na mkikataliwa, msikimbilie kuomba upya. Ombeni sababu kwa maandishi siku hiyohiyo. Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, katika kesi ya Glas Nadezhda dhidi ya Bulgaria ya mwaka 2007, iliona haki imevunjwa pale redio ya Kikristo iliponyimwa leseni na mamlaka isiyoeleza sababu zake, ingawa mkataba wa Ulaya wenyewe unaruhusu nchi kutoa leseni za utangazaji. Mkipata sababu zenye maelezo, mtajua kama ni asilimia mbili za hisa za kupunguza, au ni ile sentensi kuhusu meneja wa vipindi.